Habu ya Mbele Kushoto

Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi, Marjean Oostema alifuta makombo ya keki ya lozi mezani, akatandika gazeti la juzi, akaziweka habu mbili za gari lake pale ambapo nyumba nyingine zote za Harderbeek zilikuwa zinaweka supu. Kila moja ilikuwa nzito kiasi cha kukuvunja kidole cha mguu ikikudondokea. Marjean alijua, kwa sababu ilishamdondokea.

Habu, kwa asiyewahi kulala chini ya gari, ni kile kipande cha chuma ambacho gurudumu linafungwa juu yake kwa nati. Ndani yake mna beringi. Beringi ikiwa nzima, gurudumu linazunguka na wewe unawaza mambo yako. Beringi ikifa, gurudumu linaanza kucheza, halafu linaanza kujiamulia mambo lenyewe, na hapo huwazi kitu kingine chochote.

Mumewe, Verlin, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kahawa mkononi, anasoma jarida la kanisa. Aliziangalia habu mara moja, akarudi kwenye jarida.

"Leo Jumapili," alisema.

"Najua leo ni Jumapili. Sijashika spana."

"Umeshika habu."

"Kushika si kazi. Mchungaji ameshika Biblia saa nzima na hakuna aliyesema anafanya kazi."

"Yule analipwa."

"Basi yeye ndiye aliyefanya kazi. Mimi naangalia tu."

Verlin alifungua ukurasa mwingine. Ukimwona hivyo ungedhani ni mtu asiyejali, lakini Marjean alikuwa ameishi naye miaka arobaini na mbili, na aliona kwamba ukurasa aliofungua ulikuwa wa matangazo ya vifo vya mwezi uliopita, ambao alishausoma.

Sasa nikuambie huyu Marjean ni nani, maana ukikutana naye dukani ananunua viazi huwezi kujua. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa dereva wa basi la shule. Lile la njano, la upande wa mashambani, kilomita sitini asubuhi na sitini jioni, theluji mpaka kwenye taa za mbele, na watoto arobaini na wanne nyuma yake wanarushiana maganda ya machungwa. Hakuwahi kupinduka, hakuwahi kumsahau mtoto, na alikuwa na kioo cha juu ambacho watoto wote waliamini kinaona mpaka ndani ya mabegi. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na kadi iliyosainiwa na watu wengi asiowafahamu. Wanawake wa kanisani wakamkaribisha kwenye kikundi cha kushona blanketi. Akaenda mara mbili, akarudi nyumbani, akamwambia Verlin, "Kule nitakufa," na Jumatatu iliyofuata akanunua gari la michezo.

Gari lilikuwa la bluu, la mkono wa pili, viti viwili tu, injini kubwa mbele, nguvu zote zinakwenda nyuma. Aliyeliuza alikuwa mjane wa daktari wa meno, na alifurahi kuliona linaondoka uani. Harderbeek ni mji mdogo. Huko magharibi mwa Michigan watu hupaka rangi ghala zao kila baada ya miaka mitano na huona vibaya kuongea wakati wa kula, kwa hiyo gari lile lilizungumzwa kimyakimya lakini lilizungumzwa sana. Wengine walisema ni mambo ya uzee. Wengine walisema tatizo ni Verlin, amezidi upole.

Verlin hakujibu mtu. Siku ya kwanza Marjean alipolipeleka gari uwanja wa mbio, kwenye kile chama cha watu wa kawaida wanaokodi uwanja Jumamosi ili wakimbize magari yao bila polisi, Verlin aliazima helmeti, akasaini karatasi ya abiria, akafungwa ukanda wa karatasi kifundoni mwa mkono kama wanavyofungwa wagonjwa, akakaa kiti cha kulia, ambacho kwa magari ya huko ndicho cha abiria. Tangu hapo, viangazi sita, hakukosa hata kipindi kimoja. Hakuwa na maneno. Alikuwa ananyoosha kidole kumwonyesha mahali pa kukanyaga breki, na wakishatoka salama kwenye kona ndefu alikuwa anampigapiga goti mara mbili. Marjean aliyekuwa amebeba watoto wa watu miaka yote ile wakimpigia makelele kisogoni, sasa alikuwa na abiria mmoja, naye kimya. Alikuwa na furaha ambayo haikuwa na aibu hata kidogo.

Halafu ikaja Septemba ya mwaka jana.

Magari ya aina ile yakipelekwa uwanjani yana kasoro moja ambayo kila mtu wa chama anaijua, nayo ni kwamba yanakula habu za mbele. Barabarani habu inakaa miaka kumi. Uwanjani unaweka matairi yanayong'ang'ania lami, unaingia kona kwa nguvu, uzito wote wa gari unalalia gurudumu moja, breki zinawaka moto na moto unapika grisi mpaka inakuwa maji. Habu inakufa kwa msimu mmoja, pengine nusu. Watu wa chama walikuwa wamepata dawa yao, na waliisifia sana. Kulikuwa na duka la spea la kijana mmoja anaitwa Lyle, karibu na mashine ya kuosha magari, lenye habu ya bei nafuu yenye dhamana ya maisha. Ikifa unairudisha, Lyle anaandika kikaratasi, anakupa nyingine bure, hakuulizi umefanya nini nayo.

Watu wa Harderbeek wanapenda kitu cha bure kwa mapenzi ambayo hata wajukuu wao hawayapati. Chama kizima kilikuwa kinafunga habu za Lyle. Walikuwa wanahesabiana. Duane Plaggemars, mkaguzi mkuu wa magari ya chama, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, alikuwa amebadilishiwa habu tisa na alilitaja jambo hilo kwenye kila kikao. Marjean alikuwa amefika tano. Wote hao, watu wazima, wenye akili zao, waliojenga nyumba kwa mikono yao, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini kitu kizuri kife mara tisa. Walikuwa wanaona wamempata Lyle. Maskini ya Mungu.

Ile ya tano ndiyo iliyokwisha kwenye kona ya saba, ile ndefu ya kulia, ambapo gari zima linalalia gurudumu la mbele kushoto. Usukani ulitetemeka mpaka meno yakagongana. Marjean akakanyaga breki, pedali ikaenda chini kama haishikilii kitu, na gari likatoka kwenye lami likaingia majanini, likateleza, likateleza, likasimama limejaa tope mpaka kwenye vitasa. Hakuna aliyeumia. Verlin alifungua mkanda, akavua helmeti, akatoka, akatembea kwa miguu mpaka kwenye hema lao. Marjean alimkuta pale anakunywa kahawa.

"Mimi basi, Marjean," alisema. "Wewe endelea. Mimi basi."

 Majira ya baridi yote wakaishi vizuri, wakasukuma theluji pamoja, wakacheza karata na majirani zao akina Huizenga siku za Ijumaa, ila jambo la gari likawa limefungwa kabatini. Marjean angeweza kuendesha peke yake, hakuna aliyemkataza. Lakini kila alipofikiria kiti cha kulia kitupu, hamu yote ilikuwa inamwisha. Alimtaka Verlin arudi kwenye kile kiti. Hakutaka kitu kingine mwaka ule, na akakata shauri kwamba kilichomtoa ni habu, basi kitakachomrudisha ni habu. Atatafuta habu isiyokufa.

Alitafuta kama mtu anayetafuta bwana harusi wa binti yake. Alipiga simu mpaka majimbo ya mbali, akasoma mpaka macho yakauma, akachuja wote, wakabaki wawili. Mmoja ndiye huyu hapa mezani upande wa kushoto, habu mpya ya Lyle, bado na dhamana yake ya maisha. Wa pili aliletwa na gari la vifurushi siku ya Alhamisi. Alikuwa ametengenezwa maalumu kwa ajili ya mbio, ana beringi pana zaidi, bei yake mara tatu, na kwenye boksi waliandika bila haya kwamba hana dhamana yoyote. Wenzao wa upande wa pili wa gari walikuwa bado kwenye maboksi, jikoni, juu ya friji.

Jumamosi alikuwa amempigia Duane kumwomba ushauri.

"Dada, usijisumbue," Duane alisema. "Zungusha kwa mkono. Inayozunguka laini, inayokwenda yenyewe, hiyo ndiyo nzima. Inayokataa ina walakini. Mimi huwa nazizungusha palepale dukani kwa Lyle, nachagua yangu, naondoka."

Basi Marjean alikuwa amezizungusha. Ya Lyle ilizunguka kwa raha, ukiisukuma kwa kidole inakwenda mzunguko mzima na kupita. Ile ya bei mara tatu iligoma. Ilihitaji mkono wote, na ukiiachia tu inasimama papo hapo. Marjean aliona amepigwa.

Sasa, mbele ya mumewe asiyetaka kuonekana anasikiliza, alizizungusha tena, moja baada ya nyingine.

"Naona nitafunga ya Lyle," alisema kwa sauti, kama anaongea na ukuta. "Inazunguka vizuri zaidi. Na ni bure. Hii nyingine nadhani wameiharibu huko kiwandani."

Verlin alikunywa kahawa.

"Imekazana mno. Beringi mbovu, nadhani."

Hapo Verlin akaliweka jarida chini. Mtu anaweza kuvumilia mengi siku ya Jumapili, lakini Verlin alikuwa fundi wa mitambo wa kiwanda cha maziwa ya unga kwa miaka thelathini na minne. Beringi alizozibadilisha kwa mikono yake zingejaza sebule ile mpaka darini. Kumwachia mtu aseme upuuzi kuhusu beringi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kulikuwa nje ya uwezo wake.

"Nani kakwambia?"

"Duane."

"Duane." Alilitamka jina kama mtu anayetoa mfupa mdomoni. Akavuta kiti, akakaa, akaichukua habu ya Lyle, akaizungusha. Hakuitegea sikio. Masikio ya Verlin yaliliwa na kiwanda, la kulia linasikia kidogo, la kushoto limebaki la kuvalia miwani tu. Alifumba macho, akaweka vidole viwili pembeni ya chuma, akawa anasikiliza kwa vidole.

"Hii haina mtu ndani," alisema.

"Vipi haina mtu?"

"Gololi zimeachiwa nafasi. Ndiyo maana inakwenda bila kuombwa. Hapa mezani ni tamu. Ukiingia kona, gari likailalia, ile nafasi inakuwa mlango. Gurudumu linacheza, linasukuma vitambaa vya breki nyuma, ukikanyaga pedali hupati kitu." Akaiweka chini, akaichukua ile nyingine. Akaizungusha taratibu, kwa mkono wote, mara tatu. Uso wake ukalegea. "Hii wameibana kiwandani. Kila gololi imekaa mahali pake na haina ruhusa ya kwenda popote. Nzito hivi ndiyo inavyotakiwa. Kule kazini tungepewa inayozunguka kama ile ya Lyle, tungeitupa kabla ya chai."

"Kwa hiyo miaka yote hii tunachagua mbovu kwa makusudi."

"Mnachagua mbovu, halafu mnashindana nani kachagua nyingi."

Marjean alicheka, na Verlin naye karibu acheke. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba wanaongea habari za gari, na Marjean akaona mlango uko wazi kidogo, akausukuma.

"Na dhamana ya maisha?"

"Maisha ya nani?" Verlin alisema.

"Haya. Basi nafunga hizi nzito. Wewe ndiye umechagua." Akavuta pumzi. "Nikizifunga, utapanda?"

Verlin aliizungusha habu tena, mara moja, mara mbili. Akaanza kujifuta grisi kwenye gazeti, juu ya picha ya gavana.

"Sikuacha kupanda kwa sababu ya habu."

"Kwa sababu ya nini, basi?"

"Marjean. Ile siku. Ulisikia lini?"

Hakuwa amelitegemea swali hilo. Alikuwa amejiandaa kwa hofu, kwa umri, kwa moyo wa Verlin ambao daktari anauangalia kila Machi.  Angeweza kusema hakusikia. Hakuna ambaye angejua.

"Kipindi cha kwanza cha asubuhi," alisema. "Ilikuwa inanguruma nikikata kulia. Kidogo tu. Kipindi cha pili ikawa inanguruma na kwenye mstari ulionyooka."

"Na kilichotutoa kilikuwa kipindi cha tatu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakimbia vizuri. Nilikuwa namkaribia Duane. Nikasema itamaliza siku, kesho nitaipeleka kwa Lyle anibadilishie." Maneno yalikuwa yanatoka na yeye mwenyewe aliyasikia yalivyo mabaya. "Nikasema ni bure."

Verlin aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Mimi sisikii," alisema. "Ndani ya gari, na helmeti, sisikii chochote. Nikikaa pale nimekaa kwa masikio yako. Wewe ukisikia, mimi nimesikia. Wewe ukinyamaza, mimi sina kitu." Akasimama, akachukua jarida lake. "Nilikuwa nimekaa kando yako."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali kama angepandisha. Marjean alibaki mezani na habu mbili, ameshikwa na aibu ya mtu mzima, ile ambayo haina pa kujificha kwa sababu hakuna anayekufukuza. Miaka thelathini na moja alikuwa akisikia mlio wowote kwenye basi, hata mlango unaolia vibaya, anasimama kando ya barabara na watoto wote wanachelewa shule na mkuu anapiga simu, na hakuwahi kujali. Kwa watoto wa watu alisimama. Kwa Verlin hakusimama.

Jumanne walizifunga zile nzito. Verlin alikuja gereji bila kuitwa, akashika taa, akakataza asitumie bunduki ya upepo kukaza bolti. "Kwa mkono, na spana ya kipimo," alisema, na alipoona kipimo kimefika aliweka alama ya rangi nyeupe kwenye kila bolti kama walivyokuwa wanafanya kiwandani. Walifanya kazi vizuri pamoja. Kuhusu kupanda, Marjean aliona hana haki ya kuuliza tena.

Jumamosi, siku ya kufungua msimu, kulikuwa na baridi yenye jua. Verlin alikuja naye, akafungua kiti chake cha kukunja nyuma ya ukuta wa zege, mahali wanapokaa wake za watu na mbwa. Duane alipita na ubao wake wa ukaguzi. Akalishika gurudumu la mbele kushoto, mkono mmoja juu, mwingine chini, akalitikisa kwa nguvu zote. Halikucheza hata unywele. Akajaribu kulizungusha.

"Kazito haka," alisema. "Si nilikwambia uzungushe kwanza? Mzee, umemwachia mkeo anunue takataka?"

"Mzee ndiye kachagua," Marjean alisema. "Bandika stika yako, tunachelewa."

Duane akabandika.

Kipindi cha kwanza alikwenda taratibu, matairi yapate moto. Kipindi cha pili gari likamfungukia. Usukani ulikuwa na uimara ambao hakuwahi kuujua. Kila alichoomba kwenye kona alipewa, pedali ya breki iko juu, ngumu, kila mara mahali palepale, na kufikia mzunguko wa tatu alikuwa nyuma ya gari jekundu la Duane. Kwenye chama kile hupiti mtu mpaka wa mbele anyooshe mkono nje ya dirisha kukuonyesha upande wa kupita, na Duane Plaggemars hakuwa amemnyooshea mtu mkono tangu Marjean aanze kuja. Ana sababu zake, mara jua, mara kioo chafu. Marjean alimganda kona mbili. Walipokuwa wanaikaribia kona ya nne, mkono mrefu wa Duane ulitoka dirishani, kwa shingo upande, ukaonyesha kushoto. Pita.

Na wakati huohuo Marjean akasikia.

Tik, tik, tik. Kidogo mno. Upande wa mbele kushoto. Alipoachia mafuta ikapungua kasi, alipokanyaga ikaongezeka.

Najua alichokiwaza kwa sababu yeyote angekiwaza. Habu ni mpya. Bolti zimekazwa kwa kipimo. Haingurumi, inagonga tu, huenda si kitu. Mkono wa Duane bado uko nje, na mkono ule hautatoka tena miaka sita mingine. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu, hakuna ambaye angeumia isipokuwa yeye, wala hakuna ambaye angejua. Zilibaki sekunde mbili hivi za kuamua.

Aliachia mafuta. Alinyoosha ngumi juu nje ya dirisha, ishara ya kwamba natoka, akamwacha Duane aende zake na mkono wake, akazunguka nusu ya uwanja taratibu huku kila mtu akimpita, akatoka kwenye lami na kusimama kando ya ukuta. Moyo ulikuwa unamuuma kweli. Alikuwa anakaribia kulia, mwanamke wa miaka sitini na tatu ndani ya helmeti.

Verlin alikuwa ameshaamka kitini. Alikuja upande wa dereva, akainama.

"Vipi?"

"Nimesikia kitu. Mbele kushoto."

"Lini?"

"Sasa hivi. Kona ya nne. Nimetoka hapohapo."

Verlin alizunguka mbele. Alipiga magoti, jambo ambalo kwake si dogo, akalitikisa gurudumu juu na chini, halikucheza. Akamwambia asogeze gari kidogo. Tena kidogo. Akaingiza ufunguo wa nyumba kwenye mfereji wa tairi, akachokonoa, akasimama ameshika kokoto moja ya kijivu, ndogo kama punje ya mahindi.

"Ndiyo hii," alisema.

Marjean alivua helmeti. Hakujua acheke au afanye nini. Kipindi kilikuwa kimekwisha, magari yanatoka, na Duane aliegesha nyuma yao, akateremka tayari anaongea.

"Nimekupa njia, Marjean. Watu wote wameona. Mimi nimekupa njia, wewe unakwenda wapi?"

Verlin akamwonyesha kokoto. Duane akaitazama, akatazama gari, akaangua kicheko kilichowageuza watu mpaka kwenye choo.

"Hiyo? Umeacha nafasi ya kunipita kwa ajili ya hiyo? Dada, mwaka jana gari linanguruma kama trekta hukusimama, leo umesimama kwa kokoto?"

"Leo nimesimama," Marjean alisema.

Verlin aliitia kokoto mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Akajipangusa magoti, kwanza moja, halafu jingine.

"Duane," alisema, "abiria wanasainia wapi mwaka huu?"

"Palepale, meza ya hema la njano. Lakini mwisho saa nne."

Verlin aliangalia saa. Ilikuwa saa nne kasoro dakika sita.  Aliondoka kuelekea kwenye hema la njano, akichechemea kwa mguu wake mmoja wenye baridi yabisi, lakini anakwenda haraka kuliko Marjean alivyowahi kumwona akienda tangu astaafu.

Duane alikuwa bado anaongea. Marjean hakumsikia. Alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya gari, anaondoa koti lake na chupa ya maji kwenye kiti cha kulia.